Harufu ya Nafasi ya Pili

Mshindi alivishwa bereti.
Baba yangu akapewa manukato
na mwenye duka la dawa wa Azkoitia,
aliyekuwa na chupa kumi na mbili zisizonunulika:
Mendi Spoti, kwa Wanaume,
kioo kijani, kifuniko cheusi,
na kwenye lebo mtu anaruka kiunzi
ambaye hajatua tangu mwaka wa sitini na nane.

Ishirini na mbili kwa ishirini na moja.
Chini ya ukuta kuna bati lililopigiliwa:
mpira ukiligusa, linalia,
na pointi imekwenda.
Siku ile refa hakusikia kitu.
Mama alisema: Joxemiel, angalau utanukia.

Hakujipaka mashavuni.
Alimimina kiganjani, pale ngozi ilipochanika,
akapiga kofi moja, paa!
akavuta pumzi kwa meno
kama mtu aliyeunguzwa na supu.
Ndipo akafunga plasta, kidole kwa kidole,
ndipo akaingia kuupiga mpira kwa mkono mtupu.

Kwanza limau, lenye makelele, lisilokaa.
Kisha rihani na rozimari,
kisha lavenda, ile ya mashuka ya bibi,
na pakanga, chungu, isiyombembeleza mtu.
Chini ya yote, jasho likishakauka,
kuvumwani ya mialoni
na kitu kama banda la kondoo baada ya mvua.
Mimi, mtoto wa kike niliyekatazwa kuvuka mstari,
niliufuata mchezo kwa pua.

Jumapili tu. Chupa moja, miaka mitatu, minne.
Duka la dawa likafungwa. Kiwanda kikafungwa.
Vijana wakaja na marashi ya kopo
yanayonuka kama bafu la hoteli,
naye bado anakata utepe wa boksi jipya kwa wembe,
taratibu, asije akamjeruhi yule anayeruka.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, watu husema.
Baba alikubali. Alijipaka kushindwa kwake,
akakusugua hadi kukaingia damuni,
na Jumatatu asubuhi
bado kulikuwa kwenye kola ya koti.

Chupa ya kumi na mbili ilibaki na kimo cha kidole
siku tulipomzika.
Nilikuwa jikoni nahesabu vikombe vya kuazima
Bixente Olazar alipobisha,
fimbo mkononi, kichwa wazi.
"Bereti ililiwa na nondo," akasema, "zamani sana.
Ninyi mnacho bado kile kijani?"

Kifuniko kiligoma. Tukakibembeleza
kwa kitambaa na maji ya moto.
Limau lilikwisha kufa, limekuwa siki.
Rihani hata jina lake halikuwepo.
Akamimina kiganjani, akapiga kofi,
sauti ndogo, kama mtu anayefunga kitabu.
Akanusa. Akanusa tena.

"Mpira wa mwisho," aliuambia ukuta wa jiko,
"uligusa bati. Kidogo tu.
Watu walikuwa wanapiga kelele.
Nilisikia mimi, basi."

Nje majirani walikuwa wakikunja viti.
Nilitaka kumwambia baba naye alikuwa na masikio;
kwamba kila mwaka, siku ya sikukuu ya mji,
aligonga sufuria kwa ukucha, ting,
akacheka peke yake,
na mama akiuliza kuna nini
hujibu: hakuna, naijaribu tu.

Sikumwambia.
Nilijimiminia kilichobaki
kwenye mkono huu ambao haujawahi kupiga ukuta.
Ikaniuma pale nilipojikata asubuhi
nikimenya vitunguu vya wageni.
Tukakaa hivyo, mimi na mshindi,
tukinukia pakanga,
kahawa ikipoa.